Kitufe cha kukataa kionekane

Tovuti zinazohudumia Watanzania ziache kuwafuatilia watu kwa vidakuzi kabla hawajaridhia, na kukataa kuwe rahisi sawasawa na kukubali.

Kidakuzi ni faili dogo ambalo tovuti hulihifadhi kwenye simu au kompyuta ya mgeni. Vingine havina ubaya, kwani hukumbuka lugha aliyoichagua au bidhaa alizoziweka kikapuni. Tatizo ni vile vya makampuni ya matangazo, vinavyomwandama mtu kutoka tovuti moja hadi nyingine. Aliyesoma kuhusu maradhi yake au kutafuta mkopo huacha nyayo kwa watu asiowajua, nao wakazifanyia biashara.

Sheria ipo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa haki na uwazi. Uwazi gani huo, ikiwa kitufe cha kukubali kinang'aa na cha kukataa kimefichwa ndani kabisa, tena kwa Kiingereza cha wanasheria? Kwa kufanya kukataa kuwe kugumu kuliko kukubali, Januari 2022 Ufaransa ilitangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook.

Wenye dhamana ya kusimamia sheria wazikague tovuti, wakianza na za afya na fedha, na wawaadhibu wanaokaidi. Wamiliki nao waombe ridhaa kwa Kiswahili chepesi, kwa vitufe viwili vyenye ukubwa mmoja.