Bei ya Pikipiki na Gharama ya Safari



Ndugu wapendwa katika Kristo, katika tafakari ya juma hili tunaomba ruhusa yenu tuzungumzie pikipiki. Huenda baadhi yenu mkashangaa kwamba paroko ameyaacha masomo ya Dominika na kushika habari za injini na tairi. Lakini Bwana wetu mwenyewe hakuona aibu kuzungumzia gharama. Katika Injili ya Luka (14:28-30) anatupa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Mtu huyo hana budi kuketi kwanza na kuhesabu kama anacho cha kuumalizia, asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa na wapita njia. Nasi tumeketi na kuhesabu, na tumeona si vema tuhesabu peke yetu, kwa kuwa jambo lenyewe ni lenu pia.

Chanzo chake ni hiki. Waumini kadhaa waliozaliwa katika parokia yetu, ambao sasa wanafanya kazi Dar es Salaam, walipata habari kwamba mwaka huu tunatimiza miaka 15 ya upadre. Kwa upendo mkubwa wakatujulisha kwamba wanakusudia kuchangishana na kutununulia pikipiki mpya. Hawakumaanisha pikipiki kama hizi tuzionazo kwenye vijiwe vya bodaboda pale sokoni Lushoto. Walimaanisha ile aina kubwa ya safari ndefu, yenye kioo cha kukinga upepo na masanduku ya mizigo ubavuni. Walitutumia na picha yake: Yamaha Tracer 9 GT. Mmoja wao akaongeza, "Baba Paroko, ukiwa na hii utashuka Tanga kwenye mikutano ya jimbo na kurudi siku hiyo hiyo, bila kusubiri basi pale Mombo."

Hatutawaficha ukweli: tuliipenda. Tuliitazama picha ile mara nyingi kuliko ilivyofaa, na jioni moja tulijikuta tukiifikiria katikati ya zaburi za Masifu ya Jioni. Ndipo tukatambua kwamba shauri hili linahitaji kuchunguzwa kwa utulivu.

Tuanze kwa kuitendea haki pikipiki yenyewe. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini imechongwa ubavuni mwa mlima tangu enzi za Wajerumani. Kona zake ni kali, na kuanzia Soni kwenda juu ukungu hushuka bila taarifa. Mtu akipita huko wakati wa masika, nyuma ya lori la kabichi na viazi litokalo Lukozi, atatamani chombo chenye taa zenye nguvu, tairi pana na breki zisizoruhusu gurudumu kukwama na kuteleza. Hayo yote chombo kile kinayo. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba bei yake ni ya fahari tupu. Sehemu ya bei hiyo ni usalama, na uhai wa mtu ni wa thamani kuliko chuma.

Hata hivyo hesabu haiishii hapo. Pikipiki ile ilipotoka mwaka 2021 iliuzwa Marekani kwa dola 14,899, yaani zaidi ya shilingi milioni 34 kwa thamani ya wakati ule. Hiyo ni kabla ya nauli ya meli, ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani. Pikipiki mpya ya Kihindi ya cc 150, ambayo vijana wetu wanaitumia kubeba abiria na magunia, hupatikana kwa takriban shilingi milioni 3. Zile za Kijapani zilizotengenezwa kwa ajili ya mashamba na njia mbovu huzidi bei hiyo mara tatu au zaidi, lakini bado ziko mbali sana na ile kubwa.

Baada ya kununua huja kutunza. Pikipiki ndogo hutembea kilomita 40 hata 50 kwa lita moja ya petroli. Kubwa ile hutembea karibu 20. Cheni ya pikipiki ndogo ikikatika, fundi wa hapa Lushoto ataibadilisha kabla ya chakula cha mchana, na spea anayo dukani. Ile kubwa ikiharibika, itasimama chini ya mwembe wa parokia ikisubiri kifaa kutoka mbali, nasi tutapanda bodaboda kama zamani, huku tukiwa na pikipiki ya mamilioni nyumbani. Kisha kuna uzito wake. Ni kilo 220, zaidi ya magunia mawili ya mahindi. Vigango vyetu haviko kwenye lami. Viko kwenye udongo mwekundu, ng'ambo ya makorongo, mahali ambapo mvua ikinyesha hata mbuzi huchagua pa kukanyaga. Pikipiki ile ikituangukia huko, tutakaa kando yake tukisali Rozari mpaka wapite wanaume wanne.

Lakini sababu kubwa iliyotufanya tuandike haya si uzito wala petroli. Ni jambo lililotokea mwaka jana wakati wa masika. Mama mmoja mzee, mwanajumuiya mwaminifu wa kigango cha mbali, alizidiwa usiku na kuomba padre. Katekista alitoka na pikipiki yake iliyochakaa kuja kutuita. Mtandao wa simu huko hausomi. Njiani pikipiki ikazima kabisa. Aliisukuma, akaiacha kwa watu, akatembea kwa miguu gizani kwa saa tatu. Tulipofika pamoja naye kulikuwa kumekucha, na mama yule alikuwa ameshafariki. Wanawake wa Jumuiya walikuwa wamesali naye usiku kucha, na tunaamini Mungu hakumwacha. Lakini alikuwa ameomba Mpako wa Wagonjwa na Komunyo ya njiani, nasi hatukumpelekea.

Angalieni, ndugu zetu, ni safari ya nani iliyokwama usiku ule. Si yetu. Sisi tulikuwa tumelala, na chombo chetu kilikuwa kizima. Iliyokwama ni safari ya katekista. Hata kama tungekuwa na ile pikipiki kubwa imeegeshwa uani, isingemsaidia mama yule kwa lolote.

Kanisa limepata kujifunza somo hili kwa uchungu. Mwaka 1925 mmisionari Mjerumani, Padre Otto Fuhrmann, aliugua huko kaskazini mwa nchi iitwayo leo Namibia. Alisafirishwa kwa gari la kukokotwa na ng'ombe kwa siku kadhaa, akafika mahali pa matibabu akiwa amechelewa mno, akafa. Rafiki yake, Padre Paul Schulte, mmisionari na rubani, hakuridhika na kulia tu. Mwaka 1927 alianzisha chama cha MIVA, kwa ajili ya kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri. Kwa hiyo tusidhani kwamba ufukara wa kiinjili ni kumwacha padre au katekista atembee kwa miguu hali mgonjwa anakata roho. Mapadre Watrapisti waliofika Gare mwishoni mwa karne ya 19 walikosa vyombo kwa sababu havikuwapo. Sisi tukivikosa kwa uzembe wa kupanga, hatuwezi kuita jambo hilo utakatifu.

Tena tujihadhari na kosa la upande wa pili. Yuda Iskarioti aliona marhamu ya thamani ikimiminwa miguuni pa Bwana, akauliza kwa nini isiuzwe wapewe maskini (Yoh 12:4-6). Maneno yalikuwa mazuri, lakini moyo ulikuwa wa mwizi. Si kila kitu cha gharama ni dhambi, wala si kila anayewataja maskini anawapenda. Ndiyo maana hatuwahukumu ndugu zetu wa Dar es Salaam. Wametoa kwa upendo, nasi tunawashukuru.

Kuna tukio jingine lililotusaidia. Mwaka 2013 kampuni ya Harley-Davidson, katika kuadhimisha miaka 110 tangu kuanzishwa kwake, ilimpa Papa Fransisko pikipiki. Papa hakuiendesha. Aliitia sahihi, ikapelekwa mnadani jijini Paris mwezi Februari 2014. Wenye mnada walikadiria ingepata euro 12,000 hadi 15,000. Ikauzwa euro 241,500, na fedha zikaenda kwa Caritas ya Roma kwa ajili ya hosteli ya watu wasio na makazi karibu na kituo cha treni cha Termini. Pikipiki ilikuwa ile ile, chuma kile kile. Kilichoipandisha thamani ni mikono iliyoipokea na mahali ilipoelekezwa.

Sheria ya Kanisa nayo haikunyamaza. Kanuni ya 282 inawataka makleri waishi maisha ya kawaida na kuepuka chochote chenye sura ya majivuno. Kanuni ya 1267 inasema kwamba sadaka anazopewa msimamizi wa taasisi ya Kanisa zinahesabiwa kuwa zimetolewa kwa taasisi yenyewe, isipokuwa kinyume chake kithibitike. Ni kweli kwamba zawadi ya jubilei yaweza kuwa ya mtu binafsi, nasi tungeweza kuishikilia hoja hiyo. Lakini tukijiuliza kama ndugu hawa wangechangishana kwa ajili yetu kama tusingekuwa paroko wa wazazi wao, jibu tunalijua.

Basi maoni yetu ni haya, nasi tutayafikisha mbele ya Halmashauri ya Walei. Pikipiki kubwa ina thamani ya bei yake kwa mtu mwenye lami ndefu, fundi wa karibu na mfuko wa kuitunza. Kwetu haina. Tumewaandikia wafadhili wetu tukiwaomba, kama bado wanapenda, wanunue pikipiki tatu za kawaida kwa ajili ya makatekista wa vigango vya mbali, na moja imara ya njia mbovu kwa ajili ya parokia. Zote kwa pamoja hazifikii bei ya ile moja. Kadi ziandikwe kwa jina la parokia, ili paroko akihamishwa pikipiki zibaki. Kiasi fulani kitengwe kwa matengenezo, na kila pikipiki iambatane na kofia ngumu mbili zilizo imara. Mikutano ya Tanga tutaendelea kuiendea kwa basi. Ndani ya basi mtu hupata kusali, na mara nyingine hupata kuungamisha.

Neno la mwisho ni kwenu vijana, maana nanyi mko katika uamuzi wa namna hii. Tunawaona mkiuza shamba la urithi ili mnunue pikipiki, au mkiichukua kwa mkataba. Kabla ya kutia sahihi, kaeni na kalamu. Mkataba wa shilingi 10,000 kila siku kwa miezi 14 ni kama milioni 4 na laki 2, kwa pikipiki ambayo dukani ni karibu milioni 3. Hapo hujahesabu petroli, tairi, siku za mvua na siku za kuugua. Huenda bado ikafaa. Wengi wamesomesha wadogo zao kwa kazi hiyo. Lakini fanya hesabu hiyo mbele ya mama yako au mke wako, si kijiweni mbele ya wenzako wanaokusifu.

Nasi tunawaomba mtuombee. Barua tumeshaituma, lakini picha ile bado hatujaifuta kwenye simu. Tutaifuta leo, baada ya Misa ya jioni.

Mungu awabariki nyote, na Mama Bikira Maria awasindikize katika safari zenu.