Simu ya mama si mfuko wa baba

Leo tuzungumze juu ya biashara ya mama zetu. Nitaanza na kosa langu mimi mwenyewe.

Bibi yangu anauza unga na mafuta ku soko. Siku hizi wanunuzi wengi wanalipa kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, kwetu Congo ilifika mwaka 2012. Ni msaada mkubwa: mama harudi tena jioni na franga zote ndani ya kitambaa. Lakini mimi nilijua namba yake ya siri. Siku moja nilitoa feza ya safari, nikanyamaza. Siku ya kununua unga, feza haikutosha. Bibi yangu alizania ni yule binti anayemsaidia kuuza, karibu amfukuze. Je, mwizi alikuwa nani? Nilisema kweli, na haya ilinishika.

Baba, ujue hili. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimlazimisha mke kupata ruhusa ya bwana wake mbele ya kufanya mapatano. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa lazima ile. Sasa bwana na bibi wanapaswa kusikilizana. Kuchukua kimyakimya si kusikilizana.

Tulifanya nini? Kwanza, mama alibadilisha namba ya siri. Anaijua yeye peke yake. Pili, tulinunua kaye. Simu inaandika tu feza inayopita ndani yake. Haioni deni la jirani, wala unga tuliokula nyumbani, wala franga za mkononi. Basi kila jioni yule binti anaandika: iliyoingia kwa simu, iliyoingia mkononi, madeni, iliyotoka. Hata feza inayokatwa wakati wa kutoa, anaiandika. Tatu, kama mnunuzi anaonyesha ujumbe wa kulipa, binti anaangalia kwanza salio la mama, kisha anatoa gunia. Jumbe za uongo ziko.

Yule binti alikuwa mbebaji tu. Leo anapiga hesabu mbio kunishinda, na kesho ataweza kusimamia duka lake.

Ninyi vijana mnaojua simu, mfundishe mama zenu, bila kuuliza namba ya siri. Na wewe baba, kama una shida ya feza, omba. Ukikopa, andika jina lako ndani ya kaye, kama wadeni wengine. Langu limeandikwa pale, na nimekwisha kulipa.