Bima ya Afya: Serikali Ishurutishe, Nayo Ishurutike

Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, hoja moja haijakauka midomoni mwa watu hapa Moshi, kuanzia soko la Kiboriloni hadi vilabu vya mbege vya Uru na Kibosho. Serikali inaingiliaje mfuko wa mtu? Ugonjwa ni wangu, ng'ombe wa kuuza ni wangu. Mtu wa Dodoma ananipangiaje siku ya kulipia matibabu? Nimeisikia hoja hiyo kwa watu ninaowaheshimu, wala siidharau. Lakini nasema wazi kwamba mtu huisema akiwa mzima.

Hebu tutazame tunavyougua sasa. Mzee anaanguka kihambani asubuhi. Anapakiwa kwenye bodaboda, katikati ya dereva na mwanawe anayemshika kiuno, hadi zahanati. Huko anaandikiwa rufaa kwenda hospitali ya Mawenzi, na hali ikizidi anapelekwa hospitali ya KCMC. Jua halijazama, kundi la ukoo limeshafunguliwa kwenye simu na mweka hazina amepatikana. Majina yanapangwa: huyu elfu tano, yule elfu mbili, shemeji wa Arusha ameahidi. Binti mkubwa amesimama kwenye dirisha la malipo, karatasi za vipimo mkononi, akimpigia simu yule aliyeahidi, na simu haipokelewi. Wiki ya tatu michango imekwisha. Ng'ombe wa maziwa anauzwa kwa bei ya kutupa, maana mnunuzi anajua kabisa kwamba muuzaji amebanwa. Na mzee akifariki, watu wale wale wanatoa kwa moyo mkunjufu: turubai, jeneza, chakula, basi la kuwaleta wafiwa kutoka Dar es Salaam. Nalisema hili kwa uchungu. Mara nyingi tunamzika mtu kwa fedha ambazo zingemtibu.

Basi kuchangiana tunakujua. Tatizo ni kwamba tunachangiana tumechelewa, na anayepona ni mwenye ukoo mkubwa wenye watoto mjini. Mjane asiye na mtu Dar es Salaam hana kundi la kufungua.

Wazee wetu hawakuendesha mambo hivyo. Mfongo, yaani mfereji wa maji, uliposhuka kutoka msituni kupita vihamba vya watu wengi, kazi ya kuuzibua haikungoja shamba la mtu likauke. Siku ikitangazwa, kila nyumba inayokunywa maji yale ilitoa mtu, na aliyekacha alitozwa faini au alinyimwa zamu yake. Hakuna aliyeita jambo hilo uonevu, kwa sababu kila mmoja aliona kwa macho yake maji yakifika.

Hapo ndipo penye kiini cha neno langu, na historia yetu inatufundisha pande zote mbili. Wakulima wa kahawa wa mlimani walianza kujikusanya mwaka 1925, na mwaka 1933 ushirika wao wa KNCU ukaundwa. Kisha likaja agizo kwamba kila mkulima auze kahawa yake kupitia ushirika huo tu. Bei iliposhuka na watu wasielewe fedha zao zinakwenda wapi, mwaka 1937 baadhi yao walivamia maghala ya vyama na kuyabomoa. Ushirika haukufa, uliendelea ukawa mkubwa. Lakini ile ghadhabu ilikuwa ya watu walioshurutishwa bila kupewa hesabu. Wanaosimamia bima leo wangefaa kuusoma mwaka ule kwa makini.

Wapo wanaosema bima iwepo ila iwe ya hiari. Hiari tumeijaribu. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, ilitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na bado wengi wetu hatukujiandikisha. Toto Afya Kadi ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, kwa maelezo kwamba wengi walioandikishwa walikuwa wameshaugua. Sisi wenyewe tulifanya hivyo. Tulingoja mtoto apate homa ndipo tukatafuta kadi. Mfuko ambao wagonjwa wanaingia na wazima wanakaa nje hauna namna ya kusimama, uwe wa serikali au wa kampuni binafsi. Kwa hiyo sheria lazima iwepo, na mwenye uwezo wa kumshurutisha kila mtu kwa sheria ni serikali peke yake.

Lakini anayeshurutisha naye ana deni. Muswada wa kwanza, wa mwaka 2022, uliwatia watu hofu kwa kuifunga bima na mambo kama leseni ya udereva na leseni ya biashara, wakati dirisha la dawa la zahanati lilikuwa likiwajibu wagonjwa kila siku, "Hakuna, kanunue nje." Mwenye kadi akiambiwa hivyo mara mbili, mara ya tatu halipi, na mimi simlaumu. Tarehe 1 Machi 2024 hospitali kubwa kadhaa za binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kwa sababu ya ugomvi wa bei za kitita kipya cha huduma. Wagonjwa waliokatwa kila mwezi kwenye mishahara wakageuzwa mlangoni. Aliyekatwa hakuwa na kosa lolote. Serikali ikitaka tulipe kwa wakati, nayo ihakikishe dawa zipo na hospitali zinalipwa kwa wakati, zikiwemo hizi za makanisa, Kibosho, Kilema, Machame na Huruma, ambazo zimebeba wagonjwa wa mlima huu kwa miaka mingi. Na wasiojiweza walipiwe kweli kweli. Sheria imetaja ushuru wa vitu kama soda, pombe na vipodozi kuwa chanzo cha fedha hizo. Basi zifike zinakopaswa kufika, zisiishie kwenye hotuba.

Nasi wa mlimani tusikae tukingoja Dodoma. Mwaka 2011 KNCU, ikishirikiana na shirika la PharmAccess la Uholanzi, ilianza kuwakatia bima wakulima wa kahawa kupitia vyama vya msingi. Njia basi tunaijua: ada ikatwe wakati wa malipo ya kahawa, siku ambayo mkulima ana fedha mkononi. Nanyi vijana mnaopanda mlima kila Desemba na magari yamejaa, kabla ya kununua mbuzi wa sikukuu, waulizeni wazazi kama kadi zao zina uhai. Na mkutano mkuu wa chama chako cha msingi ukiitishwa, inuka uulize mambo mawili: ada ya bima itakatwa kwenye malipo gani, na orodha ya dawa zilizopokelewa na zahanati yetu itabandikwa mlangoni kuanzia lini.