Supaglu si dawa ya bolti

Wasee, hii tabia ya kumimina supaglu kwa shimo la bolti lililoisha nyuzi tuiache. Kutoka Mwingi hadi Wote utapata fundi wa mbao na randa ya umeme yenye bolti moja ya kubahatisha. Mashine bado inanguruma, basi anaona iko poa.

Mara nyingi kinachoisha ni bodi ya alumini, si bolti. Alumini ni laini, bolti ni chuma, na sisi tunakaza kwa hasira. Kama ilikuwa M6, panda M8: toboa kwa biti ya milimita 6.8, tia mafuta, kata nyuzi mpya na tepu polepole. Ukuta ukiwa mwembamba, weka koili ya chuma, ubaki na bolti ileile.

Lakini bolti za kushika kisu? Hapo usijaribu ufundi. Ngoma inazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Nunua mpya.

Najua, tepu ni pesa. Lakini si Ukambani tuko na mwethya? Nyanya zetu walichimba matuta pamoja. Karakana tano haziwezi kununua seti moja? Mkibishana nani aiweke, mpatieni mama wa chai.