Mwogeleaji Hodari Akizama, Tuulize Habari za Ukoo Wake

Ndugu zangu wa Bumbire, na ninyi wa Goziba, Kerebe, Mazinga na Ikuza, visiwani mtu akifa maji, sababu huwa imeshatajwa kabla mwili haujaopolewa. Dhoruba, pombe, au mtumbwi mbovu. Mara nyingi ndivyo ilivyo, na kila anayepanda mtumbwi avae boya. Lakini yupo anayezama ziwa likiwa shwari, hatua chache kutoka mwaloni, kijana aliyekulia majini na siku hiyo hakuonja hata tone la pombe. Huyo ndiye ninayeomba tumfikirie, maana kifo chake kinaweza kuwa onyo kwa ndugu zake walio hai.

Yapo maradhi ya kurithi yanayoacha nyama ya moyo ikiwa nzima na kuvuruga umeme wake. Mojawapo madaktari huliita QT ndefu, na hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 2,000. Kila ukipiga, moyo hujiandaa upya kwa pigo linalofuata. Wa mgonjwa huyu huchelewa kujiandaa. Miaka inapita bila dalili yoyote. Kisha siku moja mapigo yanagongana, na moyo unabaki kutetemeka bila kusukuma damu, kama injini ya boti inayonguruma huku propela haikamati maji. Ukijirudia wenyewe, mtu anaamka na kusema alizimia. Usipojirudia, tunachimba kaburi.

Aina moja ya ugonjwa huu huamshwa na mbio, na zaidi na kuogelea. Nyingine huamshwa na mshtuko, hata mlio wa simu alfajiri. Nyingine humkuta mtu usingizini. Kwetu tunaoishi kwa ziwa, hiyo ya kwanza ndiyo inayonitia hofu, kwa kuwa aliyezimia ndani ya maji hapati nafasi ya kusimulia kuwa alizimia.

Na anayeangukia nchi kavu tunamfanyaje? Akirusha mikono kidogo, tunasema ni kifafa, kumbe ubongo umekosa damu kwa muda. Akizidi kuanguka, tunamtafuta mchawi, na bibi wa jirani anatajwa. Kanda ya Ziwa yote inajua minong'ono ya namna hiyo imewafikisha wapi akina mama wazee. Naomba tuiache.

Tarehe 4 Desemba 2016, katika uwanja wa Kaitaba pale Bukoba, Ismail Mrisho Khalfan wa timu ya vijana ya Mbao FC alianguka muda mfupi baada ya kufunga bao, akafariki. Simtaji ili nimpe ugonjwa. Namtaja kwa sababu mkoa mzima ulishtuka, nasi tulipaswa tangu siku ile kujiuliza ni vijana wangapi huanguka namna hiyo vijijini bila mwandishi wa habari kuwepo.

Ukoo ndio wenye jibu. Mzazi akiwa na QT ndefu, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Mwaka 1957 madaktari wawili wa Norway, Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen, walieleza habari za familia yenye watoto 6. Wanne walizaliwa viziwi na walikuwa wakizimia. Watatu kati ya hao walikufa ghafla. Kwa hiyo mtoto kiziwi anayezimia asiachwe bila kupimwa moyo. Sisi Wahaya tunazijua koo zetu kizazi baada ya kizazi, pamoja na mwiko wa kila ukoo. Basi tujue pia nani alizimia akikimbia na nani alilala mzima asiamke.

Kipimo chenyewe, ECG, hakiumi. Unalala chali, unabandikwa nyaya kifuani, mikononi na miguuni, na baada ya dakika chache inatoka karatasi ya miraba. Kila mraba mdogo ni sehemu ya 25 ya sekunde. Daktari huhesabu miraba hiyo na kuipima na kasi ya mapigo. Muda wa QT, yaani ule ambao moyo hupiga na kujiandaa upya, ukivuka nusu sekunde, hatari ni kubwa. Na dawa ipo: propranolol, kidonge cha zamani kisicho ghali, huwalinda wengi wakikimeza kila siku bila kuruka. Wachache huhitaji kifaa cha kushtua moyo kinachopandikizwa kifuani, na hao hupelekwa kwa mabingwa, kama wale wa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mwenye QT ndefu amwambie kila mhudumu kabla ya kupewa dawa, kwa sababu baadhi, kama kwinini na erithromaisini, huurefusha muda huo zaidi. Asikatize tiba ya malaria kwa hofu. Aseme tu, abadilishiwe.

Vijana wa mwaloni, jifunzeni kukandamiza kifua: katikati ya kifua, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na aliyetolewa majini apuliziwe pia pumzi mdomoni. Zahanati iko mbali kuliko dakika alizobakiza.

Na ninyi wakubwa wa koo, kwenye msiba wowote wa kijana aliyekufa ghafla, kabla watu hawajatawanyika, chukueni karatasi mwandike majina ya waliowahi kuzimia au kufa hivyo. Kisha vukeni nayo hadi hospitali ya Muleba au Bukoba, pamoja na wazazi wa marehemu, watoto wake na ndugu aliozaliwa nao, hata wasioumwa chochote, wote wapimwe.