Tiba Haigeuki Kinga kwa Kumezwa Mapema

Katika mabweni yetu na katika vyumba vya kupanga vinavyozunguka chuo kuna desturi ambayo wengi wanaijua na wachache wanaitaja. Asubuhi baada ya kulala na mtu bila kondomu, mwanafunzi anapita farmasi kabla ya kwenda darasani. Haonyeshi ordonansi, wala haulizwi. Anasema, «Nipe antibiotiki», anapewa kapsuli tatu au nne zilizokatwa kwenye plaketi: leo amoksilini, kesho ampisilini, keshokutwa tetrasiklini, kufuatana na kilichopo na pesa iliyopo mfukoni. Anameza mbili, nyingine anamwekea mwenzake. Ukimwuliza sababu, jibu liko tayari: kinga ni bora kuliko tiba.

Mimi si mwanafunzi wa udaktari. Ninasoma isimu ya lugha za Kiafrika. Lakini ninaamini kwamba methali hiyo inatumiwa kichwa chini miguu juu, na kwamba sehemu ya kosa imo katika maneno tunayotumia. Kama kosa ni la maneno, basi fakulte yetu haiwezi kusema kwamba jambo hili ni la fakulte ya tiba peke yake.

Tuanze na maneno mawili ya methali yenyewe. Kukinga ni kuweka kitu katikati: mkono mbele ya uso, chandarua kati ya mbu na mtoto, kondomu kati ya miili miwili. Chanjo nayo ni kinga, maana inauandaa mwili kabla adui hajafika. Tiba ni jambo jingine. Inakuja baada ya ugonjwa kujulikana, inachaguliwa kwa ugonjwa ule, na inapimwa kwa kipimo chake na siku zake. Antibiotiki ilizaliwa upande wa tiba. Kuimeza saa chache mapema hakuifanyi ihame upande. Mwenye kumeza kapsuli mbili za dawa asiyoijua, dhidi ya ugonjwa asioujua, hajafanya kinga wala tiba.

Msomaji aliye makini atanipinga hapa: «Mbona wanasayansi wenyewe wamejaribu jambo hilo na likafaa?» Ni kweli, na ni lazima tuliseme sawasawa, maana habari hii inafika kwetu nusunusu kupitia simu.

Dawa iliyojaribiwa ni moja: doksisiklini. Kipimo ni miligramu 200, zinazomezwa ndani ya saa 72 baada ya ngono, bila kuzidisha kipimo hicho katika saa 24. Utafiti uliofanyika San Francisco na Seattle nchini Marekani, ukachapishwa mwaka 2023, uliwafuata wanaume wanaofanya ngono na wanaume pamoja na wanawake waliobadili jinsia. Waliopewa dawa hiyo walipata kaswende, klamidia na kisonono kwa uchache zaidi, pungufu ya takriban theluthi mbili ukiyahesabu magonjwa hayo pamoja. Mwaka 2024 kituo cha serikali ya Marekani kinachosimamia udhibiti wa magonjwa kilitoa mwongozo: daktari azungumze juu ya dawa hii na watu wa makundi hayo waliougua angalau mojawapo ya magonjwa hayo katika miezi 12 iliyopita, na aendelee kuwapima kila baada ya miezi michache. Kwa hiyo kuna dawa moja, kipimo kimoja, kundi linalojulikana, na maabara nyuma yake. Kapsuli yoyote kwa mtu yeyote haimo katika mwongozo huo.

Sasa tuje karibu na kwetu. Mwaka huohuo wa 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Kisumu, Kenya, kando ya Ziwa Victoria. Walishiriki wanawake 449 wa umri wa miaka 18 hadi 30, yaani umri wetu hasa. Kundi moja lilipewa doksisiklini ya kumeza baada ya ngono, kundi jingine lilipata huduma ya kawaida tu. Mwishoni yalihesabiwa maambukizi 50 katika kundi la dawa na 59 katika kundi la pili. Tofauti hiyo ni ndogo mno kiasi kwamba haiwezi kuitwa faida. Watafiti walipima pia nywele za baadhi ya washiriki waliopewa dawa, kwa sababu dawa huacha alama katika nywele, na wakaiona katika sampuli 29 tu kwa kila 100. Maana yake, wengi waliokuwa na dawa mkononi hawakuimeza, au waliimeza mara chache. Na bakteria wa kisonono waliofanyiwa kipimo cha usugu, wote walikuwa wameshaizoea doksisiklini.

Ninawaomba wasomaji, hasa dada zangu, wasimame kidogo kwenye habari hiyo. Wanawake wa Kisumu walipewa dawa sahihi, kwa kipimo sahihi, na walipimwa mara kwa mara. Hata hivyo faida haikuonekana. Je, yule anayenunua ampisilini mbili kwa kubahatisha anategemea nini?

Kuna jambo la pili linalochanganywa na hili, nalo ni maambukizi ya njia ya mkojo. Mwanamke anayeyapata tena na tena, na hasa baada ya ngono, anaweza kuandikiwa na daktari kipimo kidogo cha antibiotiki fulani cha kumeza baada ya tendo. Hiyo ni desturi halali ya tiba. Lakini inaanza na kipimo cha mkojo na historia ya mgonjwa. Dada aliyeandikiwa hivyo akimpa rafiki yake kapsuli zake, anampa jibu la swali ambalo rafiki hakuulizwa.

Narudi sasa kwenye maneno, maana hapo ndipo ninapoona kazi yetu.

Neno la kwanza ni kinini. Sote tunajua kwamba limetokana na kwinini, dawa ya malaria. Jina la dawa moja limepanuka hadi kuwa jina la kidonge chochote: cha kichwa, cha minyoo, cha uzazi wa mpango. Upanuzi wa maana ni jambo la kawaida katika kila lugha, na sina ugomvi nao. Ila una gharama yake. Mtu akisema «nimekunywa kinini», sentensi imekamilika kisarufi, na anayesikiliza hahisi haja ya kuuliza kinini gani. Neno «dawa» lina upana uleule, maana tuna dawa ya meno, dawa ya mbu, dawa ya kiatu.

Neno la pili ni mikrobi. Tumelipokea kutoka Kifaransa, na tumelitia ndani kila kisichoonekana kwa jicho. Lakini antibiotiki inaua bakteria, haiui virusi. Ukimwi, herpesi, homa ya ini aina ya B na virusi vya HPV vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, hakuna hata kimoja kinachoguswa na doksisiklini. Trikomonasi si bakteria wala virusi, ni kimelea chenye dawa yake. Mtu aliyefundishwa kwamba vyote ni mikrobi ataamini kwamba kinachoua mikrobi kinaua vyote. Kwa mantiki ya lugha yake hajakosea. Ni lugha iliyomwacha bila neno.

Neno la tatu ni kujisafisha. «Nilijisafisha asubuhi», anasema mtu kwa utulivu, akimaanisha alimeza kapsuli. Taswira hiyo inafanya ngono iwe uchafu na dawa iwe sabuni. Lakini sabuni inaondoka na maji, na dawa inapita mwili mzima. Inaua pia bakteria wema wanaoulinda uke, na baadaye fangasi wanapata nafasi, muwasho unaanza. Basi dada anaona bado hajasafika vizuri, anaongeza kapsuli.

Neno la nne ndilo zito: zinaa. Vitabu vyetu vinasema «magonjwa ya zinaa». Zinaa, tangu asili yake ya Kiarabu, ni ngono iliyokatazwa, nje ya ndoa. Ni jina la dhambi lililopewa kazi ya kutaja maambukizi. Mke aliyeambukizwa na mume wake ana ugonjwa wa zinaa. Mtoto aliyezaliwa na kaswende kutoka kwa mama yake naye ana ugonjwa wa zinaa. Kifaransa kilikuwa na «magonjwa ya aibu», kikayaacha na kuchukua jina lisilohukumu. Sisi tumelihifadhi letu hata katika mabango ya afya, kisha tunashangaa kwa nini vijana hawaji kupimwa. Mtu anayejua kwamba jina la ugonjwa wake litamhukumu kabla ya muuguzi kufungua mdomo, atapendelea farmasi ambako hakuna anayeuliza.

Lakini lipo pia neno ambalo Kiswahili kinalo kwa uzuri kuliko Kifaransa: usugu. Sugu ni ngozi ngumu inayoota kwenye kiganja cha anayeshika jembe kila siku. Jembe linaloumiza siku ya kwanza halisikiki mwezi wa tatu. Ndivyo ilivyo kwa bakteria: dozi ndogo zisizomaliza kazi zinawaua walio dhaifu na kuwaacha wenye nguvu wazaliane. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alionya juu ya hatari hii alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945. Makadirio ya mwaka 2019 yanasema kwamba watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na kanda iliyobeba mzigo mkubwa kwa kila idadi ya watu ni Afrika kusini ya Sahara. Kapsuli mbili za leo asubuhi zinaweza kudaiwa na mtoto wa jirani mwenye nimonia.

Na deni la karibu zaidi linaweza kulipwa na aliyemeza mwenyewe. Klamidia kwa wanawake wengi haina dalili. Haina hata jina la mtaani, nasi hatuulizani habari za kitu kisicho na jina. Kisonono kilichopigwa nusu dozi kinaweza kutulia bila kuisha. Maambukizi yakipanda hadi kwenye mirija ya uzazi, yanaweza kuacha makovu, na makovu yanaweza kuleta utasa. Tunajua vizuri jinsi familia zetu zinavyomtendea mwanamke asiyepata mtoto. Shangazi hawaulizi kama kijana naye alitibiwa. Kwa hiyo desturi tunayoiita kinga inaweza kumgharimu mmoja wetu kile alichokuwa anakikinga.

Nitajibiwa: «Wewe unasema tu. Kipimo ni ghali, foleni ni ndefu, na muuguzi anauliza kwa sauti.» Nakubali yote matatu. Mwenzetu mmoja aliulizwa mbele ya chumba kizima cha kungojea kama ameolewa, akainuka akatoka bila kupimwa. Sina la kumlaumu. Anayelaumu vijana kwa kwenda farmasi na hasemi neno juu ya mlango waliofungiwa, amesema nusu ya ukweli. Hata hivyo mlango uliofungwa haugeuzi kapsuli kuwa ufunguo.

Basi tufanye nini? Ninapendekeza mambo matatu, yote ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa isimu na wenzao wa fakulte ya tiba watunge pamoja karatasi moja, ya Kiswahili tunachokisema kweli na Kifaransa, yenye maneno ishirini yaliyoelezwa vizuri: bakteria, virusi, klamidia, dozi, usugu na mengine. Ibandikwe kwenye mabweni na farmasi za jirani. Kazi kama hiyo inafaa kuhesabiwa katika mazoezi yetu ya istilahi, na walimu wetu wanaweza kuisimamia.

Pili, tuache «zinaa» katika maandishi yetu. «Magonjwa ya ngono» linatosha, linaeleweka, na halimhukumu mtu.

Tatu, kila mmoja wetu aingie farmasi na maswali manne: dawa hii inaitwaje, inatibu nini, kwa siku ngapi, na je, ninaweza kuimeza kama nina mimba? Swali la mwisho si la ziada, kwa sababu doksisiklini haishauriwi kwa mwenye mimba. Muuzaji asiyeweza kujibu asipewe pesa.

Kondomu inabaki ya bei nafuu kuliko plaketi, nayo ni kinga kwa maana halisi ya neno. Aliyekwisha kulala na mtu bila hiyo ana njia: apimwe, atibiwe kwa dozi kamili ikiwa ameambukizwa, na mwenzake atibiwe pia. Na kama hofu yake ni Ukimwi, asingoje. Dawa ya dharura ya kuzuia virusi hivyo ipo, si antibiotiki, na inapaswa kuanzwa ndani ya saa 72 katika kituo cha afya. Dirisha hilo likifungwa wakati yeye amekaa kwa amani na ampisilini tumboni, hakuna methali itakayolifungua.