Hatari ya ghorofa za mbao imo pale boriti inapokalia nguzo

KILA jengo linapoporomoka nchini, mjadala huwa ule ule: saruji ilikuwa haba, nondo zilikuwa nyembamba, mwenye ploti hakuwa na kibali. Ni nadra kusikia mbao zikitajwa, ilhali watoto wengi wa mitaa ya mabanda husomea katika ghorofa za mbao na mabati.

Mnamo Septemba 23, 2019, darasa la ghorofa katika shule ya Precious Talent, Dagoretti, jijini Nairobi, liliporomoka asubuhi na kuua wanafunzi wasiopungua 7. Wapo waliolaumu ujenzi duni. Mkurugenzi wa shule naye akalaumu mtaro wa majitaka uliochimbwa karibu. Vyovyote iwavyo, mkasa huo uliacha swali ambalo lingali linahitaji jibu: je, ni nani hukagua mahali boriti inapokutana na nguzo?

Mbao haina nguvu sawa pande zote. Kwa viwango vya Ulaya, mbao laini ya daraja la C24 hukadiriwa kuhimili nyutoni 21 kwa kila milimita mraba ikibanwa kufuata nyuzi zake, lakini nyutoni 2.5 pekee ikibanwa kukingama nyuzi hizo. Nguzo hubanwa kwa njia ya kwanza; boriti iliyolala juu yake hubanwa kwa njia ya pili. Kwa hivyo, nguzo huweza kusimama imara huku boriti ikibonyea.

Chukua mfano wa boriti yenye upana wa milimita 50, iliyokalia nguzo kwa urefu wa milimita 100 na kubeba takriban tani 2. Kila milimita mraba hubeba nyutoni 4, kiasi kinachozidi uwezo wake. Kikalio kikirefushwa hadi milimita 200 kwa bamba nene la chuma, shinikizo hupungua hadi nyutoni 2. Hata hapo, mhandisi sharti azingatie unyevu na muda ambao mzigo utadumu.

Mafundi wengi hukwepa hesabu hii kwa kupigilia boriti ubavuni mwa nguzo, misumari ikabaki kubeba sakafu na wote walio juu yake. Wengine huchonga pengo upande wa chini wa boriti ili ikae sawa. Ufa huanzia papo hapo na kufuata nyuzi.

Wenye shule watalalamikia gharama, na kilio chao kina mashiko. Hata hivyo, bamba la chuma na bolti chache ni sehemu ndogo ya gharama ya jengo zima.

Kanuni mpya za ujenzi, zilizoanza kutekelezwa Machi 1, 2025, zilichukua mahali pa zile za 1968. Lakini kanuni haipandi ngazi. Mkaguzi ndiye anayepaswa kuipanda na kutazama kila kikalio kabla ya dari kukificha.